Kungoja kwa Hasira

Jumapili, 1 Oktoba 1905

Leo ni siku ya thelathini na sita tangu wamchukue mume wangu.

Daftari hili nilipewa na Bwana Padre niandike mahudhurio ya watoto wa shule. Watoto walikuwa wanane. Sasa haji hata mmoja, na kurasa zimebaki nyingi. Nitaandika humu mambo yangu, maana nisipoandika nitamtukana mtu.

Nianze na yalivyotokea, nisije nikayapamba baadaye. Mume wangu ni Mshamu, seremala. Kwao ni Umatumbi, lakini mama yake alishuka zamani na watoto wake wawili, wakahamia huku bondeni karibu na Ikwiriri. Mshamu alikwenda misheni Uzaramo kujifunza useremala. Huko akabatizwa, na huko akanioa mimi. Mimi ni Sijaona. Sina kwetu. Nilikombolewa utumwani ningali mdogo, misheni ikanilea na kunifundisha kusoma. Mwaka jana tulikuja kukaa kwa mama yake, Padre akatuagiza tufungue shule.

Mwezi wa saba vita vikaanza milimani. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba ya Wadachi kwa kiboko. Wakaambiwa iko dawa ya maji, ukinywa risasi haikupati. Hapa kijijini walikunywa wengi, na Kondo, mdogo wake Mshamu, alikuwa wa kwanza. Mshamu alikataa mbele ya watu wote. Alisema hata yeye anakichukia kiboko, lakini tumaini lake hawezi kuliweka katika kibuyu. Wakamwita mwanamke wa Wadachi.

Tarehe 26 Agosti askari walikuja kumtafuta Kondo, kwa sababu alionekana siku ghala la pamba lilipochomwa. Kondo alikuwa amekwisha kukimbia. Mshamu alikuwa uani anapiga randa mlango wa mtu. Wakamwuliza Kondo ni nani wake. Akasema, ni mdogo wangu. Wakamtia mnyororo shingoni.

Aliyekataa maji yuko kifungoni. Aliyekunywa yuko huru. Na Padre naye amekimbilia Dar es Salaam. Jana nimepata barua yake: nikae, nisali, nimngoje Bwana. Ameiandikia ndani ya nyumba ya mawe yenye bunduki mlangoni.

Jumatano, 4 Oktoba

Vuli haijaonyesha dalili. Nimechota maji, nimetwanga, nimelala.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mama yake Mshamu, mavyaa, anaitwa Mwanamkuu. Nyumba hii tunakaa watatu: yeye, mimi, na Biasha mke wa Kondo. Mavyaa anaswali vipindi vyote vitano, na tangu Mshamu achukuliwe sijaona chozi lake. Asubuhi anakwenda shamba, jioni anarudi, anasema, "Tusubiri." Basi. Leo nimemwuliza tunasubiri nini. Akajibu kwamba angejua ni nini, isingekuwa subira. Nikatoka nje nisije nikamvunjia heshima.

Kisimani wanawake wanasema Mungu wa Wadachi ameshindwa kumtoa mtu wake mikononi mwa Wadachi. Walisema nisikie. Nilipofika nyumbani nikamwuliza Mungu swali hilo hilo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimerudi kutoka bomani, walikomfunga Mshamu. Unavuka mto kwa mtumbwi, unapita Chumbi, halafu unatembea mpaka miguu inakufa ganzi. Siku moja kwenda, siku moja kurudi. Nilibeba wali na samaki mkavu. Langoni palikuwa na wanawake wengi wameketi mavumbini, kila mmoja na chungu chake. Mmoja wa Chumbi, Mwanajuma, alinisogezea nafasi kivulini. Mumewe naye amefungwa. Aliniambia yeye huja kila juma, na kwamba chakula chenyewe mara nyingi wanakula askari.

Nilimwona Mshamu. Walikuwa sita katika mnyororo mmoja, wanabeba mawe. Mmoja akiinama, wote wanainama. Ana kidonda shingoni, inzi wamekijaa. Alipopita karibu nikamwita, akageuka. Nilidhani ataniambia neno la kunituliza moyo. Aliuliza, "Mama anakula?"

Siku arobaini na sita hajaniona, na anauliza habari za mama yake. Nilikasirika njia nzima. Najua si haki kumkasirikia mtu aliye katika mnyororo. Nimemkasirikia hivyo hivyo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua hakuna. Nimesali asubuhi. Nilimwambia Mungu nampa mwezi mmoja.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimekwenda tena bomani, na safari hii akida, anayetutawala kwa niaba ya Wadachi, ameniita barazani.

Ni mtu wa pwani, kanzu yake safi, sauti yake ya pole. Alinipa kigoda nikae. Alisema amesikia mimi najua kuandika, na kwamba hilo ni jambo zuri kwa mwanamke. Kisha akanena hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mimi sina ugomvi na mumeo, binti. Najua hakunywa. Lakini serikali inataka mtu wa kumweka mahali pake. Niandikie majina ya waliokunywa maji kijijini kwenu, na mahali alipo Kondo. Mvua ikianza, mumeo atakuwa nyumbani analima."

Nikamwambia sijui Kondo alipo. Ilikuwa kweli.

"Basi ujue," akasema.

Jumatatu, 30 Oktoba

Ramadhani imeingia. Mavyaa na Biasha wamefunga. Mchana nakula peke yangu nyuma ya nyumba, nimegeukia ukuta.

Jumatano, 8 Novemba

Manyunyu. Hayakulowesha hata vumbi.

Jumatatu, 13 Novemba

Sasa najua.

Nilikuwa nimetwanga pishi mbili za mchele, nimeziweka kando za kumpelekea Mshamu. Leo asubuhi nikakuta kapu limepungua nusu. Biasha hayupo. Nikashuka mtoni, nikamwona anampa Mwinjuma mvuvi kifurushi, na Mwinjuma anasukuma mtumbwi kuelekea baharini. Nilimshika Biasha mkono mpaka akasema. Kondo yuko delta, amejificha kwenye mikoko pamoja na wakata boriti. Kila wiki Mwinjuma anampelekea chakula.

Nikamwuliza nani kampimia mchele. Akaanza kulia. Akasema, "Mama."

Jumanne, 14 Novemba

Sikusali leo. Mwezi niliompa Mungu bado siku chache, lakini sioni haja ya kungoja uishe.

Nimewaza hivi. Mimi nilichukuliwa na watu nikiwa mtoto, sikumwomba mtu. Nikakombolewa, nikaambiwa ni Mungu. Nikapewa mume, nikaambiwa ni Mungu. Nikaja kuishi na watu wanaonicheka kisimani, nikavumilia, maana niliambiwa ni kazi ya Mungu. Kisha wakamchukua yule mmoja niliyenaye duniani, na sasa naambiwa ningoje. Nani mwingine anangoja? Padre hakungoja, alikimbia. Kondo hakungoja, alishika mkuki, na alipoona mambo magumu naye akakimbia. Mavyaa anasema tusubiri huku anapima mchele wa mume wangu na kumlisha aliyemponza. Wote wanatenda. Anayengojeshwa ni mimi.

Basi nami nina mkono, na mkono huu unajua kuandika.

Nimekata ukurasa wa daftari. Nimeandika majina kumi na moja. La kumi na moja ni Kondo, na chini yake nimeandika: delta, kwenye mikoko, kwa wakata boriti, muulizeni Mwinjuma. Nimeandika kwa herufi nzuri, kama nilivyokuwa nikiwaandikia watoto ubaoni. Kesho alfajiri naondoka.

Jumatano, 15 Novemba

Sikuondoka.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa kaniki safi na kuifunga karatasi upindoni. Mavyaa alikuwa amekwisha kuswali, amefunga, midomo imemkauka. Akanikuta mlangoni.

"Unakwenda bomani," akasema. Hakuuliza.

"Nakwenda."

"Umefunga nini upindoni?"

Nikamwambia. Sikumficha neno, nilitaka aumie. Nilimweleza maneno ya akida tangu mwanzo hadi mwisho. Akaketi kizingitini, nikadhani ananizibia njia. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Nisomee kwanza, halafu uende."

Nikasoma. La kwanza lilikuwa Mwinjuma. Akasema Mwinjuma ndiye aliyenileta mimi na mtumbwi wake mwaka jana nilipokuwa na homa, akakesha ananifukuzia mbu kwa kanzu yake. La pili Shaabani. Akasema mkewe Shaabani ana mimba ya miezi minane na mama yake ni kipofu. La tatu Semeni. Huyo, akasema, alikunywa kwa sababu baba yake alikufa kwa viboko shambani kwa jumbe, na hata mkuki hajaushika. Hakupandisha sauti. Kila nilipotaja jina yeye alitaja mtu, kwa utaratibu, kama anayehesabu vyombo baada ya karamu. Nilipofika la saba sauti yangu ilikuwa imepungua, akaniambia nisome wazi, hasikii vizuri.

Nikasoma la mwisho.

"Kondo," akasema. "Huyo nilimzaa porini tukikimbia vita, kondo kwa lugha yetu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Palikuwa hapana mwanamke mwingine. Mshamu alikuwa wa miaka minne, akaninyoshea nguo kunisitiri. Aliinyosha mpaka mikono ikamwuma, lakini hakuishusha."

Hapo hasira ikanipanda upya. Nikamwambia, "Mama, huyo aliyenyosha nguo ndiye anakufa. Na wewe umeketi tu. Umeketi, na mchele wake unamlisha mwingine."

Kisha akasema maneno haya:

"Unafikiri nimeketi tu? Kondo alipo nilipajua kabla yako. Njia ya bomani naijua. Naweza kwenda leo, nimtoe huyu, nimchukue yule. Kila asubuhi nasimama hapa mlangoni, nasema leo siendi, leo namwachia Mungu. Kesho yake naanza upya. Wewe unaita kuketi. Mimi inanichosha kuliko jembe."

Akaendelea:

"Nenda ukitaka, sina nguvu ya kukushika. Lakini ukienda usiseme Mungu amechelewa. Sema wewe umechoka. Kuchoka si aibu, ila ukuite kwa jina lake."

Akasimama, akachukua jembe, akaenda shamba, na mlango akauacha wazi.

Nilisimama pale mpaka jua likaingia ndani. Nilimsikiliza Mungu, na Mungu hakusema kitu. Biasha alikuwa akipepeta uani, hakuthubutu kuniangalia. Mwishowe nikaenda jikoni, nikaitia karatasi motoni chini ya sufuria.

Sikumsamehe Kondo. Sikuusamehe mchele. Nimebaki, basi. Nilipiga magoti nikamwambia Bwana: nimebaki, nimekasirika, na Wewe unajua. Ndiyo sala yangu ya leo.

Alhamisi, 30 Novemba

Idi imepita. Biasha alinipa kitumbua, kimoja katika vitatu alivyopika.

Jumamosi, 2 Desemba

Wamekuja kuchoma.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Askari thelathini hivi, na akida pamoja nao juu ya punda. Walitoa mpunga ghalani, wakachukua kiasi walichoweza kubeba, uliobaki wakautia moto. Wakachoma mahindi machanga yaliyokuwa yameota ukingoni kwenye unyevu wa mto. Wakachoma nyumba kumi na nne. Yetu waliiacha, sijui kwa nini. Watu walikimbilia vichakani. Mama yake Shaabani, yule kipofu, alisahauliwa ndani. Mavyaa aliingia akamtoa mgongoni, nywele zao wote wawili zimeungua.

Akida aliponiona alisimamisha punda. Akasema kwa sauti ile ile ya pole, "Karatasi moja tu ingetosha, binti."

Nimekaa mchana kutwa juu ya majivu ya ghala nachambua punje ambazo hazikuungua. Kama ningekwenda siku ile, mpunga huu ungekuwapo. Hivi ndivyo Mungu anavyomlipa anayengoja? Nimemwambia mavyaa hivyo. Hakunijibu, alikuwa anampaka yule kipofu mafuta. Nikamwambia Mungu, naye hakunijibu. Wote wawili wana kazi nyingi.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Niliimba ubeti mmoja nikaacha. Biasha akauliza mbona nimeacha. Nikamwambia sina pumzi.

Jumanne, 9 Januari 1906

Hakuna chakula. Mavyaa amenifundisha kuchimba ndiga, viazi vya porini. Ni sumu. Unavimenya, unavikata vipande vyembamba, unavitia kapuni na kuliloweka kapu kwenye maji yanayotembea, siku saba. Wenye njaa wanaona siku saba ni nyingi. Juzi mtu na mkewe upande wa juu walikula siku ya tatu, wamezikwa jana.

Tulikaa mtoni tukilinda kapu letu lisiibwe. Mavyaa amekonda, mifupa ya shingo imemtoka. Alinihadithia jinsi Mshamu alivyokuwa akijenga vinyumba vya matope utotoni, kila kinyumba akikitia mlango. Nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu Agosti.

Jumanne, 23 Januari

Barua kutoka kwa Padre. Anasema ameona haya kwa kunihimiza kungoja wakati yeye alikimbia. Amekwenda ofisini kwa wakubwa mara tano kuomba Mshamu afunguliwe, na kila mara anaambiwa asubiri. Nilicheka tena, ila si kwa furaha. Karibu, Bwana Padre.

Nimekwenda bomani na ndiga. Mwanajuma wa Chumbi hakuniinulia macho. Wenzake wakaninong'oneza. Yeye naye aliitwa na akida, naye alitaja: binamu yake, alipojificha, kila kitu. Binamu akakamatwa. Mumewe hakufunguliwa. Sasa wako wote wawili katika mnyororo mmoja, na Chumbi imechomwa vile vile.

Nilikaa karibu naye. Lililomtenganisha yeye na mimi ni mwanamke mmoja aliyeketi kizingitini. Tuligawana maji ya kunywa.

Mshamu sikumwona. Wanasema anaumwa tumbo.

Jumapili, 11 Februari

Kondo amerudi.

Alitokea vichakani mchana kweupe. Biasha hakumtambua kwanza. Ana jeraha la risasi pajani, limeoza. Alikaa uani akala ndiga kwa mikono miwili, kisha akasema alitoka mikokoni akarudi vitani, na wenzake aliokwenda nao milimani walikuwa ishirini na wamebaki watatu. Alisema, "Kaka alisema kweli juu ya kibuyu." Kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji, niandikie barua kwa akida. Mwambie Kondo yuko hapa, aje anichukue, amwachie kaka."

Barua ile ile. Na sasa mwenyewe ndiye anayeiomba. Mavyaa alikuwa anachambua majani ya mboga, mikono yake ikasimama juu ya ungo. Hakunitazama. Alikuwa na haki ya kuniambia andika au usiandike, na hakuniambia.

"Siandiki," nikasema.

"Kwa nini? Wewe unanichukia."

"Nakuchukia, ndiyo. Lakini Mwanajuma wa Chumbi alitaja mtu, sasa anapika kwa ajili ya wawili. Nikikuandika leo mama hatabaki na mtoto. Keti chini, jeraha lako lioshwe."

"Na kaka je?"

"Mshamu atatolewa na Mungu. Mimi namngoja Yeye, simngoji akida."

Nilisema kwa ukali, kama mtu anayegombana, na nilipokwisha kusema nikashangaa, maana nilijua si maneno ya kujitetea. Nayaamini. Sijui yaliingia lini. Bado nimekasirika, nilidhani mtu akiamini hasira inaondoka. Haikuondoka. Nilichemsha maji, nikamwosha jeraha mwenyewe, na sikumwosha taratibu.

Jumapili, 18 Machi

Masika imeanza. Inanyesha usiku na mchana. Mto umefunika mashamba yote ya bondeni, yale madungu ya kulindia ndege yamesimama majini kama korongo. Kondo anatembea sasa. Anakwenda kuchimba ndiga pamoja nami. Hatuzungumzi sana. Leo alibeba kapu langu bila kuulizwa.

Jumanne, 27 Machi

Mwinjuma amefika na habari, na ninaandika mbio hata sijui kama nitaweza kuyasoma haya baadaye.

Boma halina chakula cha kuwapa wafungwa. Wagonjwa wamefunguliwa minyororo na kusukumwa nje ya lango, wajifie wenyewe. Mshamu ni mmoja wao. Mwanajuma alimkuta barabarani akamkokota mpaka kwake Chumbi. Yu hai. Hawezi kutembea.

Hakuna aliyemtoa. Si akida, si Padre, si barua. Njaa ndiyo iliyofungua mnyororo. Nilikuwa nikimngoja Mungu aje kwa mlango wa mbele.

Mto umefurika, na toka Chumbi hadi ukingoni ni maji ya kiunoni. Mwinjuma ni mzee, hawezi kumbeba mtu. Kondo akasema atakwenda yeye. Mavyaa akamwambia askari wanapita ng'ambo kila siku. Akasema anajua.

Alhamisi, 29 Machi

Mshamu yuko ndani, amelala. Naandika karibu yake ili nisikie anavyopumua.

Nieleze ilivyokuwa. Kondo na Mwinjuma waliondoka jana asubuhi kwa mtumbwi wa Mwinjuma. Kondo akaenda Chumbi kwa miguu ndani ya maji, akambeba kaka yake mgongoni mpaka ukingoni. Mtumbwi ni mdogo. Mshamu ilibidi alazwe, na mtu mmoja apige kasia, na mto ulikuwa unakuja na magogo. Kondo akasema, "Mvushe kwanza. Mimi nitangoja hapa, urudi unichukue."

Tuliwaona wakija. Mimi na mavyaa tulisimama majini mpaka magotini. Nilipomshika Mshamu alikuwa mwepesi kama mtoto. Tulimbeba sisi wawili, na Mwinjuma akageuza mtumbwi hapo hapo bila kupumzika, yule Mwinjuma ambaye jina lake niliandika la kwanza.

Alirudi jioni, peke yake. Askari sita walipita ukingoni, na mmoja alimjua Kondo. Mwinjuma aliyaona yote toka katikati ya mto. Anasema Kondo hakukimbia. Pengine mguu haukumruhusu, au alikuwa amechoka kukimbia.

Mavyaa alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama walimpiga. Mwinjuma akasema kidogo. Ndipo akalia. Miezi saba tangu Mshamu achukuliwe, ndipo nilipoliona chozi lake. Biasha alikuwa chini, anapiga mchanga kwa viganja. Na mimi, niliyerudishiwa mume, nilisimama katikati yao nisijue pa kuuweka uso wangu. Nilichoomba nimepewa. Mungu, sikukuomba hivi. Mwezi wa kumi na moja ningelifurahi, Wewe unajua, na ndiyo maana leo naona haya na hasira kwa pamoja.

Jumatatu, 2 Aprili

Mshamu amekula uji mara mbili. Aliuliza Kondo yuko wapi. Mavyaa akasema yuko ng'ambo, anangoja mtumbwi. Nilimwacha aseme hivyo siku tatu. Leo nilimwambia Mshamu kweli, mlango umefungwa. Alifunika uso kwa mkono uliobaki mfupa tu. Baadaye akasema, "Ungeweza kumtaja tangu mwanzo. Akida aliniambia kwamba amekuahidi."

"Niliandika," nikamwambia. "Nikachoma."

Aliushika mkono wangu akaulalia.

Alhamisi, 12 Aprili

Shaabani amepita karibu na boma. Kondo yu hai. Amemwona akibeba mawe.

Jumamosi, 14 Aprili

Kesho ni Pasaka. Leo ni siku ile ambayo hatukufundishwa neno juu yake misheni. Ijumaa tulilia, Jumapili tuliimba, katikati tukafua nguo. Lakini wapo wanawake waliokaa siku ile wakilielekea kaburi, na hawakujua kama kuna kesho. Nimewawaza njia nzima.

Mshamu amebaki na Biasha. Mwinjuma alituvusha mmoja mmoja, mavyaa kwanza, kisha mimi. Tulipita Chumbi, Mwanajuma akaungana nasi. Mavyaa alitembea ameshika bega langu. Tumebeba ndiga za siku saba na samaki wawili. Mvua haikutuacha hata kidogo.

Langoni nikasema tumemletea chakula Kondo. Askari akasema yeye hamjui Kondo. Nikamweleza alivyo, kovu la pajani, anavyochechemea. Akasema twende zetu, turudi kesho, turudi wiki ijayo, yeye hajui. Akida akatokea barazani. Alinitambua. Akauliza kama sasa nimeleta ile karatasi.

"Nimeleta chakula cha shemeji yangu," nikasema.

Akasema labda atakula, labda hatakula, na mimi nisimpotezee wakati, akaingia ndani. Nilimgeukia mavyaa nikitazamia atasema neno lake lile, "Tusubiri." Hakusema. Alikuwa amechoka, midomo inamtetemeka kwa baridi, ananitazama mimi nimwambie tufanye nini.

Nikatandika mkeka chini ya ukuta, pasipovuja sana. Nikamketisha, nikamfunika kaniki yangu, nikakiweka chungu katikati yetu.

"Tutangoja hapa, mama," nikamwambia.